Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mkia mweusi unaong'aa kijani ukipigwa na jua, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa kidole kimoja. Mtego wa panya. Hotuba ya mgeni rasmi ya siku ile nimeisahau yote, ila kidole kile ambacho hakikuwepo naweza kukuonyesha hata leo kilipopaswa kuwa.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba 2009, mahafali ya kwanza ya kidato cha nne katika shule yetu ya kata huko Iramba, mkoani Singida, upande ule ambao ukisimama ukingoni unaona nchi inashuka ghafla hadi mbuga ya Wembere. Yalikuwa ya kwanza kwa sababu sisi ndio tulioifungua shule. Tuliingia mwaka 2006, shule za kata zilipokuwa zinaota nchi nzima kama uyoga, tukakuta vyumba viwili visivyo na sakafu wala milango, choo cha shimo, na mkuu wa shule ambaye alikuwa pia karani, mwalimu wa Jiografia na mgonga kengele. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori. Watu wa mjini waliziita shule hizi yeboyebo, kwa jina la vile viatu vya plastiki vya bei poa. Walidhani wanatutukana. Sisi yeboyebo ndivyo tulivyokuwa tunavaa, na havikuwa vinapasuka upesi.

Mama aliijua shule kabla yangu. Mwaka 2005 kila kaya ilipangiwa mawe na ndoo za mchanga. Bati na saruji vingetoka serikalini. Hatukuwa na punda wala baiskeli, kwa hiyo mawe yetu yalisafiri kichwani mwake, ngata ya khanga chini, jiwe juu, mimi nyuma yake na kijiwe changu cha kujifanya nasaidia. Kwenye kona ya darasa la pili, chini karibu na msingi, kuna jiwe jeupe lenye mshipa wa kahawia. Kila tulipopita barabarani alinionyesha kwa kidevu. "Lile langu." Lakini ndani ya geti hakuwahi kuingia. Vikao vya wazazi alimtuma baba mdogo. Alisema yeye mambo ya ofisi hayawezi, labda wakija tena kuomba mawe.

Nyumbani mpaka shuleni ilikuwa zaidi ya saa tatu kwa miguu, ndiyo maana tulipanga geto. Wasichana wanne, chumba kimoja, kitanda kimoja cha kamba na jamvi moja. Waliopitia geto hawahitaji maelezo. Unga wa uwele kwenye ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya panya, mlenda mkavu kwenye mfuko, dagaa wa kuhesabu, koroboi moja inayozungukwa na vichwa vinne mpaka asubuhi pua zote zina masizi. Jumamosi unakwenda nyumbani kufuata unga, Jumapili unarudi nao kichwani. Wenzetu wawili wa darasani hawakufika kidato cha nne. Walipata mimba wakiwa kidato cha tatu, na kwa utaratibu wa wakati ule huo ndio ulikuwa mwisho wao wa shule. Mmoja wao alikuwa ananishinda Bailojia. Siku ya mahafali alikuja na mtoto mgongoni, akasimama nje ya uzio wa minyaa, akatazama mpaka mwisho.

Kidato cha pili karibu chote tulisoma bila mwalimu wa Hisabati. Halafu akaja kijana mmoja mwembamba, suruali imebanwa kwa mkanda uliozidi, katoka kumaliza kidato cha sita, kapigwa mafunzo ya mwezi mmoja tu, kapewa leseni ya kufundisha. Walimu wa namna hiyo nchi nzima iliwaita voda fasta, kama vocha ya kurusha. Huyu wa kwetu ndiye mwalimu bora niliyepata maishani, na nimesoma kwa wengi wenye vyeti. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Akikwama ubaoni, aliweka chaki chini na kusema, "Hili sijalielewa. Nipeni mpaka kesho." Kesho yake anakuja na jibu, na vumbi la baiskeli mpaka kwenye nyusi, kwa sababu jioni alikuwa amekwenda shule nyingine kuuliza. Logarithimu nimezielewa kwa baiskeli ya yule bwana.

Basi mahafali. Kila mzazi wa mhitimu alitakiwa kuchangia shilingi 5,000 au kuku. Alizeti ya Mama ilikuwa bado haijauzwa, akachagua kuku, na kwa kuwa yeye akitoa hatoi kibovu, akamkamata jogoo wake. Alifika nami asubuhi, jogoo kwapani, tukamkabidhi kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu alimwandika daftarini kisha akamfunga kwenye mguu wa meza ya zawadi. Mama akatafuta mahali pa kukaa nyuma kabisa, penye mlango wa kutokea.

Mahema yalikuwa maturubai ya kukaushia alizeti, yameshikiliwa na miti iliyokatwa jana yake. Viti vya plastiki vilitoka kanisani. Jenereta na spika vililetwa na mzee mwenye mashine ya kukamua mafuta, naye alikaa mbele kabisa kama ilivyo haki ya mwenye jenereta. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Saa nne ikafika, ikapita, kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikaziimba tena. Kila mshereheshaji alipojaribu kipaza sauti, "moja mbili, moja mbili," jogoo chini ya meza alijibu. Mara ya tatu hata mkuu wa shule alicheka. Saa saba na nusu gari likaonekana kwa vumbi lake.

Kabla ya hotuba kulikuwa na maonyesho ya taaluma, na mimi nilipangiwa Kemia. Shule haikuwa na maabara. Bureti na pipeti tulizijua kwa kuchora, na mtihani wa taifa tulikuwa tumejiandikisha ule wa vitendo vya kwenye karatasi, uliowekwa kwa ajili ya shule kama zetu. Lakini voda fasta alisema haiwezekani wazazi waje watazame michoro. Akaomba mrija wa dripu zahanati, ule wenye kigurudumu cha kupunguza matone, akaufunga kwenye chupa ya maji iliyopinduliwa na kukatwa tako. Ndani ya chupa tukaweka maji ya magadi yaliyochujwa kwa kitambaa. Chini, kwenye glasi, juisi ya choya isiyo na sukari, nyekundu kama damu.

Nikaanza kueleza kwa Kiingereza, maana ndivyo tulivyotakiwa. Nilikuwa nimekariri siku nne. Mgeni rasmi akatikisa kichwa, wazee nyuma yake wakatikisa kwa kuwa yeye katikisa. Nikafungua kigurudumu. Tone, tone, tone. Ile nyekundu ikaanza kuchafuka, ikawa zambarau, kisha ghafla, kwa matone mawili tu, ikageuka kijani cha matope. Watu wakasema "Aaah!" Na hapo katikati nikasikia sauti ninayoijua. Mama alikuwa amesogea bila mwenyewe kujua, kapenya mpaka mezani, shingo kainyoosha, anasema kwa sauti ya jikoni:

"He! Hayo si magadi ya mlenda?"

Kimya. Mkuu wa shule akaniangalia. Nilikuwa na sentensi sita za Kiingereza zilizobaki, na zote zilinitoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni magadi."

"Na hiyo choya ni chachu."

"Ndiyo. Uchachu ukikutana na magadi unaisha. Rangi ndiyo inatuambia umeisha saa ngapi."

"Kumbe," akasema. Akamgeukia mama wa jirani. "Ndiyo maana ukizidisha magadi mboga inakuwa kama sabuni."

Wazazi wakasogea. Mmoja akauliza kama limao lingefanya vilevile, mwingine akataka arudiwe. Nikarudia mara mbili, kwa Kiswahili, na nyuma nikasikia watu wakieleza wenzao kwa Kinyiramba. Mgeni rasmi alisubiri Fizikia kwa muda ambao sidhani alikuwa ameupanga.

Risala ilisomwa na kaka mkuu. Ilikuwa kama risala zote: hatuna maabara, hatuna umeme, hatuna nyumba za walimu, tunaomba. Mgeni rasmi akaahidi mifuko 50 ya saruji kwa ajili ya maabara, akapigiwa makofi ya mifuko 50. (Ilifika 12. Msingi ulichimbwa, ukawa kitanda cha mbuzi kwa miaka, mpaka Rais Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kila shule ya kata iwe na maabara tatu ndipo kuta zikaanza kupanda.) Halafu ikaja harambee, na kipaza sauti akakabidhiwa voda fasta, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mdomo.

Akainama chini ya meza akamtoa jogoo.

"Ndugu wananchi! Jogoo huyu hajaoa! Ana vidole saba tu, kimoja alikitoa sadaka! Naanza na elfu tano!"

Diwani akasema kumi. Mwenye jenereta akasema kumi na tano. Wakapandishana hivyo mpaka mgeni rasmi akataja 30,000, akashangiliwa, akamshika jogoo kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nepi, kisha akasema maneno ambayo kila mtu aliyezoea harambee alikuwa anayangoja: "Namrudisha auzwe tena." Mzunguko wa pili akachukuliwa na mwenye jenereta kwa 25,000, naye akamrudisha. Jua limeanza kuelemea, watu wana njaa, pilau inanukia nyuma ya madarasa. Mzunguko wa tatu hakuna aliyenyanyua mkono. Elfu tano, kimya. Voda fasta akatazama huku na huku, akaingiza mkono mfuko wa nyuma. Tulijua mshahara wake ulikuwa haujatoka miezi miwili. Alikuwa anakopa unga duka lile lile tulilokopa sisi.

"Elfu nane," akasema kwenye kipaza sauti. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimejiuzia mwenyewe."

Zawadi zikafuata. Mwanafunzi bora wa Kiswahili, kaunta buku. Wa Historia, kaunta buku. Wa usafi, ndoo. Ilipofika Hisabati nikasikia jina langu, na kwa desturi mzazi anapanda na mtoto. Mama hakunyanyuka. Nilimwona anamtafuta baba mdogo kwa macho, na baba mdogo hakuwepo. Wanawake waliomzunguka wakamsukuma. Akaja akiwa ameshika ncha za khanga, mwanzo anatembea, katikati ya uwanja vigelegele vikamshika miguu akaanza kucheza, mpaka anafika mbele kanivisha shingoni taji la karatasi za kumetameta ambalo sijui alilitoa wapi.

Mwalimu wa taaluma akanipa kaunta buku mbili na mkebe wa hesabu. Voda fasta akaongeza jogoo. "Huyu ni wa mwanafunzi bora wa Hisabati. Kutoka kwangu."

Mama akamtazama jogoo. Akamshika mguu wa kushoto, akauinua mpaka usawa wa macho.

"Mwalimu, huyu si wangu? Mimi nilishamtoa."

"Ulimtoa, Mama. Kafanya kazi, kaleta elfu sitini na tatu. Sasa anarudi nyumbani."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ulisikia, ukapasuka. Nilimsikia hata yule mwenzangu wa nje ya uzio akipiga kigelegele, kirefu, na mtoto mgongoni akalia kwa kushtuka.

Mama hakurudi naye. Jioni ile alimfunga kwenye mguu wa kitanda cha geto letu, akasema, "Akuamshe." Alituamsha. Aliwika saa tisa usiku kwa wiki zote zilizobaki hadi mtihani, na wenzangu watatu walimchukia kwa moyo wote, lakini koroboi ilikuwa inawashwa. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata nilikuwa na C ya Hisabati, pekee shule nzima, na daraja la pili. Wengi wetu walipata la nne au sifuri, wakiwemo wawili wa lile geto waliokuwa wakiamka saa tisa ile ile na mimi.

Siku tuliyomaliza karatasi ya mwisho tulinunua unga mweupe wa mahindi, tukamchinjisha kwa jirani, tukampika na nyanya mbili. Kesho yake nikafunga godoro nikatembea kwenda nyumbani. Mama alinikuta nanawa miguu. Hakuuliza mtihani ulikuwaje. Aliangalia mizigo, akaangalia nyuma yangu njiani.

"Jogoo yuko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, akaendelea kupeta uwele wake. Ungo ukaenda, ukarudi.

"Na firigisi kala nani?"

Firigisi kwetu ni ya baba, au ya mgeni mwanamume. Nikasema tuliikata kwa wembe vipande vinne, kila mtu akala chake.

"Mlikata sawasawa?"

"Sawasawa, Mama. Nilipima kwa rula ya kwenye mkebe."