Kimea cha Moshi Kilichogoma Kuchacha

Hapa Nyuzilandi, ambako tangu 1996 mtu anaruhusiwa kukeneka pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, nilitaka kutengeneza wiski, nikaparaza kilo 5 za kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi, nikakiloweka kwenye maji ya moto kwa saa moja na nusu huku kipimajoto kikionyesha nyuzi 64. Tone la iodini halikugeuka jeusi, nami nikaamini kuwa wanga wote umekwisha kuwa sukari, nikatia hamira.

Siku ya nne povu lilitulia, haidromita, kipimo cha uzito wa maji ambacho hushuka sukari inapoliwa, ikasimama kwenye 1.030, na hamira nikailaumu bure. Nilipokitumbukiza kipimajoto katika maji ya barafu kilisoma hasi 6 badala ya sifuri. Kumbe nilikuwa nimeloweka kwa nyuzi 70, joto linaloharibu upesi kimeng'enya kinachotoa sukari ambayo hamira huila, na kukiacha kile kinachokata wanga vipande vikubwa tu, kasoro ambayo iodini haiwezi kuifichua.

Kwa bahati, maji ya kimea cha wiski sikuyachemsha, kwa hiyo nilitia konzi mbili za kimea kipya kisicho na moshi, ili kirudishe kimeng'enya kilichoharibika. Kesho yake povu lilirudi, na baada ya siku 5 kipimo kilishuka hadi 1.008. Harufu ya moshi bado imejaa bandani.