VLOOKUP ilivyoniaibisha mbele ya kikoba, na nilivyoinyoosha

Mimi ni mhazini wa kikoba cha watu 64 hapa Morogoro. Nilichaguliwa kwa sifa moja tu, nina kompyuta. Kila mwezi nachukua taarifa ya malipo ya simu naibandika kwenye shiti niliyoiita Malipo, kisha kwenye shiti ya Wanachama natakiwa nionyeshe nani kachangia na nani bado. Kwa macho na kalamu kazi hiyo ilikuwa inanilia Jumapili nzima. Nikaambiwa kuna VLOOKUP, fomyula ya Excel inayotafuta kitu kwenye orodha na kukuletea kilichoandikwa pembeni yake.

Mara ya kwanza nilitafuta kwa majina. Kila seli ikajaa hela, nikajipongeza kwa soda baridi. Baadaye nikaona mwanachama aliyesafiri tangu Januari naye kalipa! Kumbe sikuweka FALSE mwishoni. Ukiiacha, Excel inaridhika na jina linalokaribia, tena inadhani orodha yako imepangwa kwa alfabeti. Yangu ilipangwa kwa tarehe, kwa hiyo ilikuwa inagawa hela za watu kama peremende. Nikaweka FALSE, na hapo #N/A, yaani "sijakipata", zikamwagika toka juu mpaka chini, kwa sababu kwenye daftari letu mtu anaitwa Mama Neema, na kwenye taarifa ya simu yapo majina yake matatu ya kitambulisho.

Sasa sikia ushauri niliopewa na mpwa wangu, msomi wa kompyuta. "Anko, zungushia IFERROR hapo, weka sifuri, hizo takataka zote zitapotea." IFERROR hugeuza kila kosa kuwa unachotaka wewe, na kweli zilipotea. Shiti ikapendeza. Nikaichapisha pale steshenari, nikaenda nayo kikaoni kifua mbele, nikasoma wadaiwa 19 kwa sauti ya hakimu.

Mama mmoja muuza nyanya akasimama taratibu, akaninyooshea simu. "Mhazini mwanangu, hebu nisomee meseji hii, macho yangu hayaoni vizuri." Macho yake yanaona vizuri sana. Ilikuwa meseji ya muamala, elfu ishirini, tarehe nne. Nikasema samahani mama. Kabla sijakaa, simu nyingine ikanyooshwa, na nyingine. Ya saba ilipofika mwenyekiti akaahirisha ajenda. #N/A ilikuwa inaniambia "huyu sijamwona", mimi nikaigeuza iseme "huyu hajalipa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mpwa wangu hadi leo hajaelewa kwa nini nilimnunia.

Nikaamua kutafuta kwa namba za simu. Mtu anaweza kuwa na majina matano, lakini namba anayolipia ni moja. Nilidhani hivyo, tutafika huko. IFERROR nikaitupa. Nikavuta fomyula chini: #N/A zote 64, hata mmoja hakupona.

Usiku ule nilimchukua yule mama wa nyanya peke yake, maana meseji yake niliiona kwa macho yangu. Namba yake ipo Malipo, ipo Wanachama. Nikazitazama kama mtu anayelinganisha noti bandia. Kwenye Wanachama imeegemea kulia, kwenye Malipo imeegemea kushoto. Usipoigusa, Excel huweka namba kulia na maandishi kushoto, na haioni undugu kati ya hivyo viwili. Isitoshe, ile sifuri ya mbele niliyoiandika kwa mkono ilishamezwa zamani, zikabaki tarakimu tisa. Taarifa ya simu nayo inaanza na 255.

Sawa, 255 na tisa ni tarakimu 12. Nikaandika =LEN(B2), ambayo kazi yake ni kuhesabu herufi zilizomo kwenye seli. Ikajibu 13. Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini: 12. Nikafuta miwani, nikahesabu tena. Ya kumi na tatu ilikuwa nafasi tupu mwishoni, haionekani. Nikatumia TRIM, inayosifiwa kwa kufuta nafasi. Bado 13! Ikanichukua mpaka saa saba usiku kujua kwamba ile si nafasi ya kawaida. Ni aina nyingine inayopenda kuja na vitu vilivyonakiliwa kutoka mtandaoni, namba yake ya msimbo ni 160, na TRIM haiijui.

Dawa yangu, na hapa nijisifu kidogo, ilikuwa moja kwa magonjwa yote. Nikaongeza kolamu mpya mwanzoni mwa Malipo, nikaiita Ufunguo, nikaandika:

=RIGHT(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),""),9)

Inafuta ile nafasi ya kijini, kisha inachukua tarakimu tisa za mwisho. Kwenye Wanachama nikaweka =RIGHT(B2,9). 255 kwaheri, na kwa kuwa RIGHT hutoa maandishi siku zote, pande zote mbili zikawa kitu kimoja. VLOOKUP ikaitika.

Wale wa video wanaosema "achana nayo, tumia XLOOKUP", mdogo wake VLOOKUP aliyekuja baadaye, wawe wanauliza kwanza mtu ana Excel gani. Yangu ya 2016 ilinijibu #NAME?, haiijui kabisa.

Ila watu wa mwisho kwenye orodha wakawa wanakosa tena. Alama za dola! Ukivuta fomyula bila $, eneo la kutafutia nalo linateremka na kuacha watu juu. Kwenye eneo bonyeza F4, liwe $A$2:$D$140.

Halafu kuna waliolipa mara mbili kwa mwezi. VLOOKUP ikimkuta wa kwanza inasimama, ya pili haina habari nayo. Kwa hiyo baada ya mapambano yote hayo nikaiacha nikaweka SUMIF, inayojumlisha malipo yote ya namba moja, na nikajifunza kulinganisha jumla ya kolamu yangu na jumla ya taarifa. Ya kwangu ilipungua elfu ishirini kamili.

Nikaitafuta. Malipo yalitoka kwenye namba isiyo ya mwanachama yeyote, na namba hiyo naijua kwa kichwa: ya mke wangu. Mwezi ule nililipia kwa simu yake. Kati ya wadaiwa wanne waliobaki, mmoja nilikuwa mimi.