Nilimpaka mafuta tangu siku ya pili, pumu ya ngozi ikaja vilevile

Kwetu mzio ni urithi. Baba watoto ana pumu, mimi napiga chafya tangu shule ya msingi, na kifungua mimba wetu alishikwa na pumu ya ngozi, ule ukavu na mwasho unaoenda na kurudi, akiwa na miezi minne. Tulichelewa kuitambua kwa sababu kila mtu alituambia tuangalie wekundu. Wekundu upi kwa mtoto mweusi kama mimi? Nilichoona ni mashavu yaliyopauka kama yamepakwa majivu, ukipitisha kiganja yanakwaruza kama msasa, na mtoto usiku kucha anasugua uso kifuani kwangu. Jirani akanipa tyubu ya mchanganyiko kutoka duka la dawa, hakuna cheti wala nini. Siku tatu ngozi ikawa laini, nikamshukuru hadi kwa soda. Tulipoacha, ikarudi na hasira zake zote. Baadaye nikaambiwa mle ndani mlikuwa na steroidi kali isiyofaa uso wa mtoto mchanga.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika nikajiapiza: huyu haumwi. Nilishaaminishwa kwamba mtoto akipakwa mafuta kila siku tangu kuzaliwa, ugonjwa haumgusi. Nikanunua kopo kubwa la mafuta ya mgando, elfu sita au saba hivi, na siku ya pili kazi ikaanza. Asubuhi, mchana, jioni, na usiku nikiamka kunyonyesha namwongezea. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, joto la kuyeyusha mshumaa, na juu ya mafuta namvalisha fulana, sweta na kofia, maana mtoto wa kwetu hapigwi na upepo. Wifi yangu alipombeba, akamteleza mkononi kama kambale. Bahati alikuwa amekaa kitandani. Mama mkwe akasimama mlangoni, akatutazama, akasema, "Mwanangu, umezaa mtoto au kitumbua?"

Wiki ya tatu vipele vidogo vikamjaa shingoni na kifuani. Nikasema ndiyo yenyewe hii, nikazidisha mafuta! Kliniki, nesi alimvua zile nguo moja moja, akacheka mpaka akaegemea meza. Harara. Nilikuwa nampika mtoto.

Na alipofika miezi mitano pumu ya ngozi ikaja kweli, mashavuni kwanza, kisha miguuni. Nilimlalamikia daktari wa ngozi kama niliyetapeliwa. Akaniambia Uingereza walishalijaribu hilo kwa watoto karibu 1,400 wa familia zenye mzio kama yetu, na matokeo yakatoka 2020. Nusu walipakwa kila siku mwaka mzima. Walipofika miaka miwili, waliopakwa waliougua walikuwa 23 katika kila 100, na wasiopakwa 25. Yaani hakuna tofauti ya maana, na waliopakwa walipata maambukizi ya ngozi zaidi kidogo. Wamarekani nao mwaka 2025 wakaja na majibu ya kutia moyo kidogo, waliopakwa 36 katika kila 100 waliugua na wasiopakwa 43, lakini wao walichukua watoto wa familia zozote, si za wapiga chafya tu. "Mama," akasema, "mafuta hayakuwa bima. Ila sasa ndiyo dawa yako."

Hapo ndipo nilipojifunza kupaka. Kumbe kwa kifungua mimba nilikuwa napaka kama ninayeonja chumvi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Maji vuguvugu, dakika chache, sabuni ya kunukia nje, na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuza maji meupe, ambayo bibi zetu wote wanaiabudu, nje kabisa. Unamgusagusa kwa kanga kuukuu bila kusugua, unapaka ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya zeituni mama mkwe aliyoyaleta kwa heshima zote tumeyalia kachumbari, kwani hayo ngozi ya mtoto yanaidhoofisha. Palipochachamaa nilipaka haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, niliyoandikiwa, kwa siku nilizoandikiwa.

Lakini ujanja wangu mwenyewe, na huu nauringia, ni kijiko. Vidole vikiingia koponi kila saa, vijidudu navyo vinahamia humo. Basi nina kijiko kimoja cha chuma, nakimwagia maji ya moto, nachota mafuta ya mara hiyo kwenye kisahani, nafunga kopo. Na simpaki akiwa macho na miguu inarusha mateke. Nampaka akinyonya: mguu huu kwa ziwa hili, mguu ule kwa ziwa lile, kuelekea chini vinyweleo vinapolalia. Akishiba, tumemaliza. Mkono wa kushoto ukikataa kazi, vumilia, utazoea kwa siku mbili tatu.

Sasa ana mwaka na nusu. Ikija ubaridi wa Julai miguu inaanza tena kukwaruza, tunaongeza mafuta, inatulia. Wifi, yule wa kambale, ni mjamzito, na juzi kaja kuniazima kijiko. Nimemwambia vya kwenye kabati vipo kumi na viwili, achague, ila hiki hakitoki humu ndani.