Pampu ya Nne

Mwaka 2012 nilikuwa mwanagenzi katika uwanja mmoja wa makanika karibu na Kirinyaga Road, Nairobi, ingawa sisi wa huko hatuiiti hivyo. Kwetu ni Grogan mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma, kufuata chai na, siku Mzee, fundi mkuu wetu, akiamka vizuri, kushika mita ya kupimia umeme.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Buruburu mwenye Corolla 110 nyeupe. Asubuhi gari liliwaka bila shida. Jua likishapanda, akiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, linakohoa mara mbili na kuzima. Vijana wanalisukuma kando, yeye anakaa kivulini saa nzima, akirudi kupiga stata linawaka kama si lile. Mafundi wa kwanza walimbadilishia pampu ya petroli. Wa pili wakaitoa hiyo ya wa kwanza wakaweka yao. Alipotufikia alikuwa na pampu ya tatu ndani ya tangi, na risiti zote kwenye bahasha, zimepangwa kwa tarehe.

Mzee alilizungusha mpaka Ngara na kurudi. Halikuzima. Akamrudishia funguo. "Mwalimu, gari zima sina dawa yake. Uniletee likiwa limekufa."

Lililetwa Jumamosi saa saba mchana, limefungwa kamba nyuma ya pikapu. Mzee alikuwa ameenda kula, nami nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba sikuwa mtu wa chai tu. Kwenye gari hilo kompyuta haifungi rilei ya pampu, yaani swichi inayoipa pampu umeme, mpaka ihisi injini inazunguka, ili ajali ikitokea na injini ikazima, petroli isiendelee kusukumwa. Kwa hiyo nilichomoa rilei, nikaunganisha matundu yake mawili ya umeme mkubwa kwa kipande cha waya, nikafungua swichi. Kimya. Pampu haikunguruma. Nikainua kiti cha nyuma, nikachomoa soketi ya pampu na kuchomeka ncha za mita. Volti 12.4, sawasawa na betri.

"Umeme unafika, Mwalimu. Pampu ndiyo imekufa."

Hakubishana. Baada ya nusu saa alirudi kutoka madukani na pampu iliyotumika Japani, imefungwa kwa gazeti. Shilingi 3,500. Risiti ilipigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudi.

Mzee alipofika alilitazama gazeti, akaitazama mita, kisha akanitazama mimi.

"Ulipima soketi ikiwa imechomolewa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mpira wa maji hata ukikanyagwa hujaa mpaka mwisho, mradi umeuziba mdomo. Uachilie mdomo ndipo uone kinachotoka."

Mita hunywa umeme kidogo mno, tone tu. Pampu inataka ampea kadhaa. Mzee akatoa balbu ya taa ya mbele, wati 55, akaifunga nyaya mbili ndefu na kuipeleka nje ya mlango, mbali na mvuke wa tangi, ndani ya kopo tupu la Blue Band. Nikaunganisha nyaya kwenye soketi. Balbu ikawaka hafifu, ya manjano, kama tochi yenye betri zilizochoka. Nikapima tena, balbu ikiwa imeshikwa hivyo hivyo: volti 7.0. Upande wa hasi, kutoka soketi mpaka betri, zilipotea 0.2 tu. Upande wa chanya zilipotea 5.2. Ukijumlisha unarudi pale pale kwenye 12.4, na Mwalimu, aliyekuwa wa hesabu, ndiye aliyejumlisha kabla yetu. Fyuzi ilikuwa nzima muda wote. Fyuzi hukatika umeme ukizidi, na hapa ulikuwa unapungua.

Mzee akalala chali chini ya dashibodi, akaanza kuutikisa waya kidogo kidogo kutoka kwenye rilei kwenda nyuma. Mimi nikapewa tochi. Mwalimu akachuchumaa mbele ya kopo, miwani imeshuka puani, akitangaza kwa sauti ya darasani:

"Hafifu. Hafifu. Hafifu. Imewaka! Mzee, rudi hapo! Hafifu tena."

Watu wa uwanja wa jirani walikuja kutazama.

Mkono wa Mzee ulitoka na fundo la tepu nyeusi iliyoyeyuka na kunata. Waya wa pampu ulikuwa umekatwa kupitishia rilei ya traka, ile ya kuzima gari likiibwa. Aliyeifunga alizisokota nyaya kwa vidole, bila kuzilehemu kwa risasi, akaviringisha tepu na kwenda zake. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Volti tano zilizopotea hapo ziligeuka joto, joto likazidi kulegeza kiungo, na mchana wa jua uliongezea. Likipoa linashika tena. Nina hakika zile pampu mbili zilizotolewa hazikuwa na kosa lolote.

Mzee alikata sehemu iliyoungua, akalehemu kwa risasi, akavika mpira. Balbu ikawaka nyeupe mpaka Mwalimu akageuza uso. Tukarudisha pampu kwenye soketi na gari likawaka. Ilikuwa ile ile ya tatu.

Ya nne ikabaki mezani kwenye gazeti lake. Mzee alimrudishia Mwalimu 3,500 kutoka mfukoni mwake, hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata posho yangu ilipungua mia tano. Iliyofuata pia. Jumamosi ya saba alinikabidhi gazeti lile, limeshaanza kuwa la manjano.

"Sasa ni yako," akasema, akanituma chai.