Iodini Iliyokuwa Ikiishia Njiani

Akitokea mtu kukuambia kwamba kunasa iodini nururifu ni suala la kujaza mkaa amilifu kwenye bomba na kupitisha gesi, mshukuru, kisha uendelee na shughuli zako. Ushauri huo nilipewa na watu ninaowaheshimu, na unafaa kabisa kwa hewa ya ndani ya jengo la kinu cha nyuklia. Gesi zinazotoka pale fueli iliyotumika inapoyeyushwa kwa asidi ya nitriki ni habari nyingine, kwani zimejaa oksidi za nitrojeni, ambazo huuchakaza mkaa na, joto likipanda, huweza hata kuuwasha. Tena iodini-129 ina nusu uhai wa miaka milioni 15.7 hivi, kwa hiyo haifai kuizuia kwa muda ukingoja ififie, kama inavyowezekana kwa iodini-131, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8.

Wengine walinielekeza kwenye kuiosha gesi kwa mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu, wakinikumbusha kwamba ndiyo inayotumika kwenye kiwanda cha kuchakata fueli iliyotumika cha La Hague, Ufaransa. Ni kweli, ila iodini inayonaswa pale humwagwa baharini, nami nilitaka kuishika ikiwa yabisi.

Nilifanya kazi kwa iodini ya kawaida isiyo na mionzi, kwa kuwa kikemia hazitofautiani. Chujio langu lilikuwa la modenaiti yenye madini ya fedha, ambayo ndiyo hunasa iodini; modenaiti ni zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo mno, inayostahimili asidi kuliko nyingi za jamii yake; fedha hiyo niliigeuza kuwa metali kwa haidrojeni, na chujio likawekwa kwenye nyuzi 150 za Selsiasi ili maji yasizibe vitundu vyake. Kuhusu gharama, itoshe kusema kwamba kila punje iliyodondoka sakafuni iliokotwa.

Hesabu ikakataa. Iodini iliyotoka kwenye chanzo ilikuwa nyingi mno kuliko iliyopatikana kwenye chujio, na kila niliyemuuliza alisema niongeze fedha. Badala ya kuongeza, nililigawa chujio katika tabaka nyembamba zilizotenganishwa kwa wavu wa kioo, kisha nikapima kila tabaka peke yake. Tabaka la kwanza lilikuwa limeshiba, la pili lilikuwa na kiasi kidogo, na yaliyofuata yalikuwa safi kana kwamba hayajawahi kuonana na gesi. Chujio halikuwa na kosa lolote! Nikaanza kufungua viungio kimoja kimoja kurudi nyuma hadi nikakikuta kipande kifupi cha mpira, kilichofichwa na kibanio, kikiwa na duara la rangi ya kahawia kwa ndani. Nilipokipasha joto kilitoa mvuke wa zambarau, rangi ya mvuke wa iodini, na sikuhitaji kipimo kingine. Neli zote zikawa za kioo na utepe wa joto ukafika hadi chini ya vibanio, mahali ambapo kila mtu huona uvivu kuuzungusha. Tangu hapo hesabu imekubali.

Jambo jingine ni karatasi ya wanga na iodidi, ambayo nilishauriwa niiweke kwenye tundu la kutokea ili igeuke buluu iodini ikiponyoka. Dioksidi ya nitrojeni peke yake huigeuza kuwa ya buluu hata pasipo iodini, ilhali iodidi ya methili, gesi ambayo iodini imeungana na kaboni, hupita mbele yake bila kuacha alama. Iodidi hiyo ya methili niliipima kwa kromatografia, njia ya kutenganisha na kupima kemikali zilizochanganyika, nikaona inazama ndani zaidi ya chujio kabla ya kunaswa, hivyo anayepanga urefu wa chujio kwa kutazama iodini tupu anajidanganya.

Na usiliache chujio likivuta oksidi za nitrojeni usiku kucha kabla iodini haijaanza kupita. Fedha ya metali huoksidishwa na uwezo wake wa kunasa hushuka, na asubuhi chujio litakuwa limezeeka kabla ya kufanya kazi.