Wakamwacha aondoke nao?

Juzi sikukuu ya Nyerere, shule zimefungwa, nimekaa jikoni nachambua maharage, binti yangu wa pili kaegemea mlango ananiangalia tu. Kimyaaa, halafu ghafla akauliza, mama, jike dume ni tusi?

Nikamuuliza nani kakuita hivyo. Akasema hakuna. Nikajua wamemuita. Ana miaka kumi na moja na mabega yale ni yangu, mimi niliyatoa kwa mama, mama kayatoa kwa bibi wa Mvumi. Nikamwambia achana nao, soma. Jibu la kijinga kabisa, niliona hata uso wake ulivyoshuka. Usiku sikulala, maana mimi hilo neno nililisikia Chang'ombe ya Dodoma nikiwa na umri huo huo, na siku nililolisikia vibaya zaidi ndiyo siku niliyomuona Chaina, yule mwanamke wa mieleka ya Marekani, akichukua mkanda wa ubingwa.

Mwaka 2000 hiyo, miezi ya upepo, ule upepo wetu wa Dodoma unaokujaza mchanga mpaka kwenye meno. Kibanda umiza kiingilio shilingi hamsini na mimi hamsini sikuwa nayo, kaka alikuwa nayo yake tu. Mwenye banda akasema mtoto wa kike akitaka kuingia amletee mke wake maji ndoo mbili. Nikaleta ndoo mbili kwa mkupuo mmoja, moja kichwani moja mkononi, nikaingia. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Nimevaa kofia ya kaka, nimekaa chini kwenye gunia mbele kabisa, TV ya chogo iko juu ya kreti mbili za soda, deki iko chini yake imefunikwa kitambaa isile vumbi.

Chaina tulikuwa tunamjua, Chyna wanaandika hivyo, sisi tulisema Chaina. Alianza kama mlinzi wa mwanamieleka Triple H, anasimama pembeni ya ulingo kakunja mikono hasemi kitu, na mikono yenyewe ilikuwa inatosha kusema. Mkanda wa video wa Royal Rumble ya Januari 1999 tulishauona mpaka ukaanza kukwaruza, aliingia namba 30, mwanamke wa kwanza kuingia kwenye ile vurugu ya wanaume thelathini, akamtupa nje Mark Henry, lile jitu, kabla Steve Austin hajamtoa na yeye. Ila ule ulikuwa mchanganyiko. Huu sasa alikuwa peke yake na mwanaume mmoja, Jeff Jarrett, na mkanda wa ubingwa wa Intercontinental uko juu ya meza.

Jarrett kwenye mchezo ule alikuwa kapewa sehemu ya mtu anayedharau wanawake, wakae jikoni huko. Basi na pambano likatengenezwa la hivyo hivyo, silaha zinazoruhusiwa ni vitu vya nyumbani tu. Mwenye banda alikuwa anatutafsiria kwa sauti juu ya sauti ya TV, akasema leo wanapigana kwa vyombo vya jikoni, wavulana wakacheka sana. Mimi sikucheka. Mimi nilijua mwiko ukitumika hivyo unaumaje, na nilijua nani nyumbani kwetu alikuwa anapigwa nao. Baba kipindi kile alikuwa hivyo, zaidi sisemi.

Walipigana, vitu vikaruka, wakachafuka wote wawili. Halafu Jarrett akachukua ule mkanda wenyewe wa ubingwa akampiga nao Chaina, akamlalia, refa akahesabu moja mbili tatu. Banda zima likalipuka. Nakumbuka kuna mtu nyuma yangu alipiga benchi mpaka nikarushwa mbele, na nakumbuka nilikuwa naangalia kile kitambaa cha deki maana sikutaka kuangalia juu, nimebana meno, nasema moyoni basi, imeisha, ndivyo ilivyo, kwani nilitegemea nini. Na mkononi nilikuwa na karanga nimezishika mpaka zimelowa jasho. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Mwenye banda naye alikuwa anashangilia, halafu akanyamaza katikati ya neno. Akasema, subirini. Subirini, refa kakataa. Refa anasema mkanda siyo kitu cha nyumbani!

Nikainua kichwa. Mtu wangu alikuwa anainuka. Polepole, nywele zimemfunika uso, kashika kamba. Na Jarrett anabishana na refa, kampa mgongo, hajui. Akaja kugeuka Chaina ana lile gitaa lake mwenyewe Jarrett, akamshushia nalo, gitaa likapasuka vipande vipande, akamlalia. Moja. Mbili. Na ile ya tatu mle ndani hakuna aliyehesabu zaidi yangu, nilihesabu kwa sauti, peke yangu, kila mtu akanigeukia.

Akainua mkanda. Pambano lenyewe lilipiganwa tarehe 17 Oktoba 1999, mjini Cleveland, Marekani, sisi tuliliona kwenye video mwaka uliofuata, mwanamke wa kwanza kuuchukua ule. (Nilikuja kupiga hesabu ukubwani, ni siku tatu baada ya Mwalimu kufariki, sisi huku redio inapiga nyimbo za maombolezo tu, mwili haujafika hata Dar, na huko kuna mwanamke anainua mkanda.) Mle bandani kukawa na zogo la gitaa, kama mkanda siyo chombo cha nyumbani gitaa nalo limekuwaje. Halafu mmoja akasema huyo siyo mwanamke huyo, jike dume, angalieni mikono, kama huyu hapa. Akanivua kofia. Kaka yangu alikuwepo na hakusema neno, nilishamsamehe.

Nilitembea hadi nyumbani nimejikumbatia mikono niifiche.

Mama alikuwa nje kwenye jiko la mkaa, mwiko mkononi. Baba hajarudi. Nilijua nitachapwa, giza limeshaingia, nikaamua kusema ukweli wote kwa pumzi moja, mama nilikuwa kwenye video, kuna mwanamke kampiga mwanaume kamnyang'anya mkanda.

Mkono wa mama ukasimama kwenye sufuria.

"Mwanamke?"

"Ndiyo mama."

"Refa alikuwepo?"

"Alikuwepo. Na alikataa mara ya kwanza, akasema siyo halali."

Akakaa kimya. Uji wa uwele unachemka, unapiga puu, puu, mpaka ukaanza kumwagikia mkaa na hakuutoa.

"Na wakamwacha aondoke nao?"

"Wamemwacha."

Akanivuta karibu, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinya vile anavyobinya papai sokoni Majengo kabla hajalipa. Hakusema kitu. Tukasikia mtu anakohoa kule njiani, akaniachia, akasema nenda kalale.

Mengine niliyasoma baadaye sana, nilipopata intaneti. Kwamba jina lake Joanie Laurer, kazaliwa Rochester, New York, mwaka 1969, kwamba mieleka alifundishwa na Killer Kowalski. Na kwamba mshindi hupangwa kabla, hilo kila mtu analijua, ila gitaa linapasukia kichwa cha kweli na ukidondoka unadondokea mgongo wako wewe. Pia kwamba ule mkanda Chris Jericho alimnyang'anya Disemba 12, 1999. Yani siku ile namwambia mama wamemwacha, walishauchukua miezi mingi. Akaupata tena Agosti 2000, ukaondoka tena. Aprili 2001 akachukua ule wa wanawake, Houston, mbele ya watu zaidi ya 67,000, na mwaka huo huo akaachana na WWF, ile kampuni ya mieleka. Maisha yakawa magumu. Alifariki Aprili 2016, miaka 46. Mwaka 2019 ndiyo wakamuingiza kwenye ukumbi wa heshima, tena kama mmoja wa lile kundi lake na Triple H, D-Generation X.

Asubuhi nikampigia mama, yuko Mvumi siku hizi, magoti yanamsumbua. Nikamwambia mjukuu wako kaitwa jike dume shuleni. Akashusha pumzi. Halafu akaniuliza, yule mzungu wa mkanda yuko wapi siku hizi?

Miaka yote hiyo. Sikujua kama anamkumbuka.

Nikamwambia amefariki mama, zamani kidogo. Akasema pole yake. Nasikia kuku wake nyuma. Akauliza, na mkanda je?

"Walichukua. Akaurudisha. Wakachukua tena."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mpe simu huyo mtoto."

Nikampa. Akatoka nayo mpaka kwenye mwarobaini, akakaa huko karibu robo saa kanipa mgongo, mara anatikisa kichwa, mara anajishika mkono juu ya kiwiko. Aliporudi nikamuuliza bibi kasemaje. Akasema, kaniambia mimi. Akachukua ndoo akaenda bombani.