Ratiba ya shule ndiyo inayonichagulia cha kuandika

Kuanzia Januari mpaka shule zifungwe mwezi wa sita, mimi ni mtunga mashairi. Likizo ikiingia nageuka mwandishi wa hadithi. Julai narudi kwenye mashairi, Desemba nashika hadithi tena. Sikupanga iwe hivyo. Ni ratiba tu. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya kata, hapa Muheza, hana siku yake mwenyewe. Ana vipande vya siku, na riwaya haienei kwenye kipande.

Wasiofundisha wanadhani kazi yetu inaisha wanafunzi wakitoka getini. Kuna andalio la somo, kuna madaftari, kuna wiki ya zamu ambapo wewe ndiye kengele, wewe ndiye geti, wewe ndiye wa kujua nani kachelewa na kama uji umeiva. Kidato cha Tatu wakiandika insha, mikondo yote miwili, narudi nyumbani na rundo ambalo nakesha nalo. Ukishasoma insha ya arobaini inayoanza na "Hapo zamani za kale", huwezi kusukuma rundo pembeni ukaanza sura yako. Sikio limechoka. Utakachoandika kitakuwa insha ya arobaini na moja.

Shairi la arudhi, lile linalofuata vina na mizani, halidai meza. Linadai kichwa na vidole, vidole vya kuhesabia mizani, yaani silabi: nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili. Mengi yangu nimeyatunga nikisimamia mitihani ya ndani, kazi ambayo husomi, husahihishi, simu umeiacha ofisini, unazunguka tu kati ya madawati hadi muda uishe. Mwenzangu wa Hisabati anasema hakuna adhabu katika ualimu inayoizidi hiyo. Mimi naipenda, hata zamu za wenzangu nazichukua. Nikifika dirishani nina mshororo. Nikirudi ubaoni nimeukataa. Ubeti huu ulianzia huko:

*Karatasi zagawiwa, vichwa chini vimelala,*
*Kuna mmoja kafiwa, jana hakupata kula,*
*Naye leo atakiwa, ajibu kila suala,*

Mshororo wa nne umenigomea hadi leo. Kila kibwagizo ninachokijaribu kinahubiri. (Huyo aliyefiwa si wa mwaka huu, wala si wa shule hii.)

Chumba cha mtihani ndicho kilichonifundisha arudhi upya. Chuoni tulibishana kuhusu vina na mizani kama watu wa Simba na Yanga: wengine tukisema bila hivyo hakuna shairi, wengine wakishika upande wa mshairi Kezilahabi na masivina, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Hakuna aliyetuambia kwamba vina ni vya kubebea. Naweza kutoka kwenye mtihani, nikaambiwa mzazi ananisubiri, nikamsikiliza mzazi mpaka mwisho, nikapita sokoni kununua nyanya na dagaa, na nikifika nyumbani ubeti uko mzima. Neno likichomoka, kina kinanikumbusha lilikuwa linaishia wapi, na mizani inanionyesha urefu wake. Lakini sentensi ya nathari niliyoipenda saa nne asubuhi, jioni sina hata nusu yake. Nabaki najua tu kwamba ilikuwa nzuri, na hilo halinisaidii kitu.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliwekwa kwenye maandishi miongo kadhaa baada ya hapo, Mwalimu Sikujua akiyakusanya kwa wale walioyakumbuka na kusaidiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Muda wote huo yalikuwa vichwani mwa watu, yakipita kinywa hadi kinywa. Angetunga masivina, sidhani kama ningekuwa na Muyaka wa kufundisha. Nami, kwa sababu zisizo za kitaaluma kabisa, nafurahi kwamba aliyeyaokoa anaitwa Mwalimu. Sisemi masivina ni duni. Nayafundisha, na mengine nayaonea wivu. Nasema yanataka daftari liwe karibu na mkono uwe huru, na kwangu hayo mawili hukutana likizo.

Likizo, basi. Meza ninayoandikia ni ya cherehani ya mke wangu, tangu alfajiri mpaka saa mbili, anapoihitaji mwenyewe. Naandika kwenye kaunta buku, kwa penseli. Kalamu nyekundu haifiki pale. Nikiishika tu naanza kujipa maksi.

Lakini hata bila kalamu nyekundu, mwalimu huwa amekwisha kuingia. Sisi tumezoea kueleza. Tukiona nyuso hazijaelewa tunarudia kwa maneno mengine, tunatoa mfano, tunauliza "tuko pamoja?", tunaandika ubaoni na kupigia mstari. Ukiyaleta hayo kwenye hadithi umeimaliza. Mhusika wangu akinuna, mkono unawasha kuongeza kwamba alinuna kwa kuwa alikumbuka alivyotendewa utotoni, na kwamba jambo hilo lilimuumiza sana.

Mke wangu aliishia Kidato cha Nne na hana habari na nadharia za fasihi. Mhariri mkali kama yeye sijampata. Namsomea kwa sauti huku anapinda pindo za sare, na hasemi hapa pazuri wala hapa pabaya. Anasema tu, "Mwalimu, umeingia darasani." Narudi kwenye aya, nakuta kweli nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Nafuta. Kuna asubuhi alilisema hilo mfululizo mpaka nikakasirika, nikamuuliza kama kuna mahali popote nimekuwa nje ya darasa. Akafikiri, sindano mdomoni. "Pale kwa muuza machungwa."

Pale palikuwa ni watu wawili wanabishana bei kwenye dirisha la basi, stendi ya Segera, dereva ameshawasha injini. Muuzaji ameshapitisha mfuko dirishani, mnunuzi anatafuta chenji taratibu kwa makusudi. Haelezwi mtu kitu. Tangu siku hiyo, sura ikikwama naipa dirisha la basi: nani anauza, nani ananunua, nani ana haraka zaidi ya mwenzake. Hata mazungumzo ya kuposa nimeyaandika kwa mtindo huo, na nadhani ndiyo kurasa bora nilizo nazo.

Kuna mali moja siigusi, nayo ni insha za wanafunzi. Zina sentensi ambazo ningekatwa mshahara nizipate. Binti mmoja aliandika kuhusu bibi yake mgonjwa: "Tangu bibi alale, hata mlango tulikuwa tunaufunga kwa mikono miwili." Nilimwekea vema, nikaandika "vizuri sana" pembeni, nikalifunga daftari upesi kabla sijaikariri. Nilichelewa, maana naikumbuka hadi sasa. Nainukuu hapa kwa ruhusa yake. Alishamaliza shule zamani, na nilipompigia alicheka akasema hakumbuki kuiandika. Najua waandishi wanaosema kila kinachosikika ni malighafi. Labda kwa anayekaa kijiweni na kusikiliza wapita njia. Hawa wananiandikia kwa sababu nimewaamuru, na wananipa siri za nyumbani kwao wakitafuta maksi kumi na tano. Yangu niyatafute kwingine.

Juni hii mambo yamevurugika kidogo. Tangazo limebandikwa ofisini: Kidato cha Nne wanabaki kambini, na mimi nina vipindi vya asubuhi wiki mbili za mwanzo, saa zilezile za meza ya cherehani. Riwaya nimeiacha Segera, basi limeharibika na abiria wote wako chini, wengine wameanza kudai nauli. Nimehesabu siku zinazobaki na sioni sura ndani yake. Naona hadithi fupi moja, pengine na utenzi wa kutunga njiani nikienda kambini na kurudi. Mke wangu hana shida na hadithi kuwa fupi. Anachotaka kujua ni kama muuza machungwa atakuwemo, na kama yule wa dirishani alimlipa.